Mkono wa kaka kwenye tamasha la metali: je, niitazame video ya usiku ule?

Swali la msomaji:

"Mtaalamu wa kumbukumbu, habari za kazi. Nina miaka 49. Nilipokuwa na miaka 17 nilikwenda kwenye tamasha la hevi metali, la kwanza maishani mwangu. Kwa miaka 32 nimelihesabu kuwa jambo kubwa la ujana wangu, lakini nikitaka kulisimulia nabaki na vipande tu: moshi, taa nyekundu, besi ikinigonga kifuani, kijiti cha mpiga ngoma kikiruka juu ya vichwa vyetu, na mkono wa kaka yangu ukinishika ukosi wa fulana na kunivuta nje ya msukumano. Masikio yalivuma siku mbili. Kaka alifariki miaka 6 iliyopita. Majuzi rafiki niliyekwenda naye kaniambia mambo mawili yaliyonikata maini: wimbo ninaoapa kuusikia usiku ule ulikuwa bado haujatoka, na kaka hakuwepo, alikuja nasi kwenye tamasha jingine mwaka uliofuata. Sasa nimegundua kuna mtu alirekodi usiku ule kwa kamera ya mkanda na video iko mtandaoni. Sijaifungua. Tulikunywa bia, sikatai. Je, kumbukumbu yangu ni ya uongo? Na niitazame hiyo video?"

Jibu:

Ndugu yangu, pole sana kwa kumpoteza kaka. Nimefurahi kwamba umeniandikia kabla hujaifungua video, maana sehemu kubwa ya jibu langu inategemea hilo. Usiitazame leo. Utaitazama, tena nadhani utashukuru kwamba ipo, lakini kuna kazi inayotakiwa kutangulia, na mtu akishaona picha hawezi tena kuifanya.

Watu wengi hudhani kumbukumbu ni mkanda uliowekwa kabatini: unautoa, unautazama, unaurudisha kama ulivyokuwa. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walichapisha jaribio lililotikisa dhana hiyo. Waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani, wakaiacha hofu ikomae, kisha wakawasikilizisha mlio ule tena na papo hapo wakazuia utengenezaji wa protini katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu. Hofu iliyokuwa imekwisha kukaa ikadhoofika. Panya waliopewa dawa ileile bila kukumbushwa mlio walibaki na hofu yao. Maana yake ni kwamba kumbukumbu inapoitwa hulainika kwa muda, kama udongo uliotiwa maji, kisha hukauka upya. Kwa binadamu ni vigumu zaidi kulipima jambo hili, lakini nimekaa na watu wengi wakitazama picha za siku zao za zamani, na mara nyingi nimeona yaliyomo kwenye picha yakihamia kichwani na kudai kwamba yalikuwepo tangu mwanzo. Baada ya wiki moja mtu hawezi tena kukuambia kipi alikuja nacho na kipi amekiokota kwenye picha.

Kwa hiyo leo usiku chukua daftari, uandike kila kipande ulicho nacho, hata kile unachokionea haya. Kalamu inafaa kuliko simu, maana kwenye simu utajikuta umeshafungua video. Usiviunganishe vipande kuwa hadithi. Kama kuna pengo kati ya moshi na kijiti cha ngoma, liache wazi kwenye ukurasa. Pembeni ya kila kipande andika unakiona kutoka wapi. Je, unaona jukwaa kwa macho yako mwenyewe, juu ya mabega ya watu, au unajiona wewe kijana wa miaka 17 umesimama katikati ya umati? Georgia Nigro na Ulric Neisser walilichunguza jambo hilo mwaka 1983 na kukuta kwamba kumbukumbu za zamani zaidi huwa na tabia ya kuonekana kutoka nje, mwenye nazo akijitazama kama mtu mwingine. Kujiona kwa namna hiyo hakuthibitishi uongo. Kunaonyesha tu kwamba kipande hicho kimeshapita mikononi mwa fundi, maana hakuna aliyewahi kuutazama mgongo wake mwenyewe kwenye tamasha.

Fundi huyo ni wewe. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na sijui msemo unaoieleza kazi yangu vizuri zaidi. Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha hilo katika kitabu cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani waisome na kuisimulia tena na tena. Kadiri muda ulivyopita mitumbwi iligeuka kuwa mashua za kawaida, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na mambo ya mizimu yasiyoeleweka yakaachwa njiani. Wale watu walikuwa wakweli kabisa. Kila mmoja alihifadhi mifupa ya hadithi, na nyama akaijazia kutoka katika dunia anayoijua.

Sasa turudi kwenye usiku wako, maana naona umejilaumu bila haki. Unaandika kana kwamba ulipewa usiku mzima ukauacha udondoke mfukoni. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya usiku ule haikuandikwa kichwani hata kidogo, na tamasha la metali lina kila sababu ya kuandikwa vibaya.

Anza na sauti. Kwenye tamasha kubwa la aina hii, kupita desibeli 100, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, ni jambo la kawaida. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuiorodhesha bendi ya Deep Purple kwa desibeli 117 katika ukumbi wa Rainbow, London, mwaka 1972, kisha The Who kwa desibeli 126 mwaka 1976, kabla hakijaachana na mashindano hayo ili kisichochee watu kuharibu masikio. Sauti ikifika huko, sikio halipokei tena muziki kama linavyoupokea sebuleni. Gitaa zilizovurugwa kwa makusudi, matoazi na mwimbaji anayenguruma vinarundikana mahali pamoja, na msikilizaji asiyezijua nyimbo hawezi kutenganisha wa tatu na wa nne. Kumbukumbu inahitaji mipaka: wimbo huu umeishia hapa, ule umeanzia pale, mwimbaji amesema hivi katikati. Kwa kijana aliyefika mara ya kwanza mipaka hiyo haikuwepo. Ndiyo maana huna orodha ya nyimbo. Shabiki aliyekuwa akizijua albamu zote angetoka na nyimbo kumi na mbili. Wewe ulitoka na mngurumo mmoja mrefu.

Ile besi ya kifuani ni habari nyingine, na ndicho kipande chako ninachokiamini kuliko vyote. Mawimbi mazito ya sauti hutikisa kifua na tumbo lenyewe. Zaidi ya hapo, mwaka 2000 watafiti Todd na Cody walionyesha kwamba muziki mkubwa sana, kuanzia desibeli 90 hivi na kuendelea, unaamsha kiungo kidogo cha sikio la ndani ambacho kazi yake kuu ni mizani ya mwili. Yaani mwili unapata habari ya mwendo hata miguu ikiwa imetulia. Hisia hiyo huipati kwenye redio, kwenye kaseti wala kwenye simulizi ya rafiki. Ukiwa na kitu kichwani ambacho hakuna mlango mwingine kingeweza kuingilia, kuna nafasi kubwa kwamba kiliingia usiku uleule.

Taa nazo zilifanya yao. Taa za kumetameta huonyesha jukwaa kwa kukata: mwanga, giza, mwanga, giza. Mpiga gitaa yuko kushoto, kisha ghafla yuko kulia, bila hatua za katikati. Watu hunilalamikia kwamba wanakumbuka tamasha kama picha zilizogandishwa, nami huwauliza kama macho yao yalipewa kitu kingine. Ongeza moshi unaoficha kuta, dari na milango, vile vitu vinavyoipa kumbukumbu mahali pa kukaa. Vipande vyako, ndugu yangu, huenda ni nakala nzuri ya usiku uliokujia vipandevipande.

Halafu kuna msisimko wenyewe. Tangu J. A. Easterbrook aandike juu ya hilo mwaka 1959, saikolojia imekuwa ikirudi palepale: damu ikichemka, uangalifu hubana. Kilicho katikati huandikwa kwa wino mzito na cha pembeni hakiandikwi. Kijiti cha ngoma kinachoruka kuelekea kichwani mwako kiko katikati. Jina la bendi iliyofungua tamasha liko pembeni, vilevile shati alilovaa rafiki yako, na jinsi mlivyorudi nyumbani.

Msukumano ulikuwa na sheria zake. Mwaka 2013 wanafizikia wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, wakiongozwa na Jesse Silverberg, walipima video za matamasha ya metali na kukuta kwamba watu wanaogongana mbele ya jukwaa hutembea kama molekuli za gesi: kila mmoja anarushwa na mwenzake, na hakuna anayechagua njia. Mtu aliye ndani ya kitu cha namna hiyo hana ramani. Hajui alikuwa mita ngapi kutoka jukwaani, wala dakika ngapi zilipita. Usishangae kwamba hujui ulitokea upande gani, na usimwamini haraka mtu anayedai kwamba yeye anajua.

Kuhusu bia sina maneno mengi, ila nataka uelewe jambo moja. Pombe nyingi haifuti kilichoandikwa. Inaizuia hipokampasi isiandike. Mtu anaweza kuwa anaimba, anaongea na hata kulipa nauli, huku sehemu hiyo ya ubongo imeacha kalamu. Kuna upotevu wa vipande, ambapo baadhi hurudi mtu akikumbushwa, na kuna upotevu wa mkupuo, ambapo saa nzima haipo na haitarudi, kwa sababu haikuwahi kuwepo. Ulichoeleza kinafanana na ule wa kwanza, na huenda hata bila bia ungebaki na hayohayo. Lakini mtu akikuahidi kukurudishia saa zilizopotea kwa kukutia katika hali ya hipnosi, kataa. Hipnosi huongeza uhakika wa mtu katika anachokisema kuliko inavyoongeza usahihi wake, na kwako wewe, ukiwa na jeraha la kaka, hiyo ni hatari ya kweli.

Utaniuliza, kama uliandikwa vibaya hivyo, mbona umekaa moyoni miaka 32 wakati matukio makubwa ya utu uzima yamefifia? Hapo umri wako ndio unaojibu. Ukiwauliza watu waliopita miaka 40 wakutajie kumbukumbu za maisha yao, nyingi kupita kiasi hutoka kati ya miaka 10 na 30, zaidi katika ujana wa mwisho na utu uzima wa mwanzo. David Rubin na wenzake waliliweka wazi hilo mwaka 1986, na limeonekana tena katika nchi nyingi. Ni umri wa mara za kwanza, na ni umri ambao mtu anajiamulia yeye ni nani. Muziki wa miaka hiyo ndio unaoshika zaidi. Petr Janata wa chuo kikuu cha California, Davis, alionyesha mwaka 2009 kwamba wimbo unaohusishwa na maisha ya mtu huamsha sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, eneo ambalo pia linahusika na kujifikiria mwenyewe. Kwa hiyo usiku ule uliuweka kama habari kuhusu wewe ni nani. Nyimbo zilikuwa mlango tu. Ndiyo maana neno la rafiki yako limekuuma kuliko ambavyo orodha ya nyimbo ingestahili kuuma.

Tuje kwenye neno lake la kwanza, la wimbo. Anaweza kuwa sahihi. Kosa hili ni la kawaida na lina maelezo mazuri: Marcia Johnson na wenzake wameandika sana juu ya jinsi tunavyohifadhi jambo na kupoteza chanzo chake. Wimbo ulitoka baadaye, ukausikia mara mia ukiwa na hisia ileile ya kifua, labda pia kwenye rekodi yenye kelele za mashabiki, na polepole ukajipenyeza kwenye usiku ulioufanania. Ila hoja ya rafiki yako haifungi kesi. Bendi hupiga nyimbo jukwaani kabla ya kuzitoa. Black Sabbath walipiga War Pigs mbele ya watu mwaka 1970 kabla ya albamu yenye wimbo huo kutoka Septemba ya mwaka huohuo, tena ukiwa na jina jingine, Walpurgis, na maneno mengine. Aliyeusikia wakati ule na kuambiwa "haukuwa umetoka" angekuwa amenyamazishwa bila haki. Hivyo hapa usibishane, pima. Bendi kubwa zikiwa kwenye ziara hupiga karibu orodha ileile usiku hadi usiku, kwa sababu taa na moto wa jukwaani vimepangwa kufuata nyimbo. Tafuta orodha ya usiku uliotangulia na uliofuata wa ziara ile. Tafuta fulana ya ziara yenye tarehe mgongoni, kipande cha tiketi, gazeti la wiki ile. Vitu hivyo havina hisia, na hapa ndipo vinapotufaa.

Kabla sijafika kwa kaka, neno kuhusu uhakika wa rafiki yako, maana nahisi umemwachia kiti cha hakimu. Asubuhi iliyofuata kulipuka kwa chombo cha anga cha Marekani, Challenger, tarehe 28 Januari 1986, Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Emory karatasi waandike walikuwa wapi walipopata habari, na nani aliwaambia. Miaka miwili na nusu hivi baadaye waliwauliza tena 44 kati yao. Kumi na mmoja hawakupata hata kipengele kimoja kikuu, na wengi waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikurudi. Hiyo ilikuwa miaka miwili na nusu. Ninyi mna 32. Rafiki yako alikuwa kwenye moshi uleule, sauti ileile na bia zilezile. Anaposema kaka hakuwepo, huo ni ushahidi wa mtu mmoja kijana, aliyekuwa akitazama jukwaa.

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilikuwa naona mpiga gitaa mwenye gitaa jekundu, kwenye tamasha nililohudhuria nikiwa na miaka 19. Ningeliapia. Kisha nikaona picha ya usiku ule: gitaa lilikuwa jeupe. Nilisikitika sana mpaka nilipoitazama picha tena na kuona kwamba ilipigwa kwa mwanga mkali wa kamera. Chini ya taa za jukwaani, mahali nilipokuwa nimesimama, gitaa jeupe lilikuwa jekundu. Kumbukumbu yangu haikujua rangi ya gitaa. Ilijua kilichoonekana. Nakuomba ukumbuke hilo utakapofungua video yako, maana kamera ya mkanda ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, mahali pengine, na kipaza sauti chake kidogo kilizidiwa na kelele. Itakupa mpangilio wa nyimbo na maneno ya mwimbaji. Kifua chako haitakirudisha.

Sasa kaka. Sitakufariji kwa jambo nisilolijua, wala sitakunyang'anya jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Nitakueleza ninachokiona mara kwa mara, nawe ukipime.

Mwezi Juni 1973 John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa ikulu ya Marekani, alitoa ushahidi mbele ya Seneti kuhusu mazungumzo yake na Rais Nixon. Alisimulia kwa kina mno kiasi kwamba watu walimwita kinasa sauti cha binadamu. Baadaye ikajulikana kwamba mazungumzo yale yalikuwa yamenaswa kwenye kanda kweli, na mwaka 1981 Neisser akazilinganisha. Maneno mengi ambayo Dean aliyaweka katika kikao fulani hayakusemwa katika kikao hicho. Lakini kuhusu jambo lenyewe, nini kilikuwa kinaendelea kati ya watu wale, alikuwa sahihi. Alikuwa amechukua mambo yaliyojirudia siku nyingi, akayakusanya kwenye siku moja iliyokaa vizuri kichwani.

Kaka mkubwa anayemvuta mdogo wake ukosi hafanyi hivyo mara moja. Sikujui, lakini nadhani alikuvuta kwenye ugomvi, kwenye maji, kwenye tamasha la mwaka uliofuata ambalo hata rafiki yako anakubali kwamba alikuwepo. Inawezekana kabisa kwamba mkono ule ni wa kweli, na fulana ni ya kweli, na msukumano ni wa kweli, na ubongo wako umeuweka mkono kwenye usiku wa kwanza kwa sababu usiku wa kwanza ndio wenye nguvu. Inawezekana pia kwamba alikuwepo na rafiki yako ndiye aliyehamisha. Kwa hiyo, kwenye daftari, andika kipande hicho peke yake kwenye ukurasa wake. Andika mkono ulitoka upande gani, ulihisi nini shingoni, alisema nini kama alisema, baada ya hapo mlisimama wapi. Kisha andika kila kitu unachokumbuka kuhusu lile tamasha la pili, ambalo katika barua yako hukuliambatanisha na hata kipande kimoja. Hilo lilinigusa. Mtu aliyekwenda na kaka yake tamasha la pili na hana hata kipande chake, huenda vipande vyake anavyo, ila vinakaa katika nyumba nyingine. Na kama wazazi au ndugu wengine wapo, waulize swali lililo wazi, "Mnakumbuka nini kuhusu sisi na matamasha ya muziki mwaka ule?" Usiulize, "Si kaka alikuwepo?" Tangu Elizabeth Loftus na John Palmer walipoonyesha mwaka 1974 kwamba kubadilisha kitenzi kimoja tu katika swali kulitosha kuwafanya baadhi ya watazamaji wa filamu ya ajali wakumbuke vioo vilivyovunjika ambavyo havikuwepo, sisi wa kazi hii tunaogopa maswali yanayobeba jibu mgongoni.

Ukishaandika, lala usiku mmoja au miwili. Kuna vipande vitakavyojitokeza vyenyewe. Viongeze na uandike tarehe. Ndipo ufungue video, tena mara ya kwanza uisikilize tu, macho yamefumbwa, sauti ya chini. Muziki unaweza kuwa ufunguo mzuri wa kumbukumbu, na ukiupa nafasi kabla macho hayajashika usukani unaweza kukuletea kitu kilicho chako. Kiandike kwa kalamu ya rangi nyingine. Baada ya hapo itazame. Usitarajie kumwona kaka kwenye umati. Kamera za aina ile gizani zilinasa jukwaa na vichwa vyeusi basi. Asipoonekana, hilo halithibitishi chochote.

Kuhusu masikio: kuvuma siku mbili kulikuwa alama kwamba yaliumizwa. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Seli za vinyweleo katika sikio la ndani ni 15,000 hivi kila upande na zikifa hazioti tena. Kama bado unasikia mlio, au unaomba watu warudie maneno kwenye kelele, nenda ukapimwe. Usikivu wa sikio moja ukishuka ghafla, nenda siku hiyohiyo. Na kwenye tamasha lijalo vaa vizibo vya masikio; besi utaihisi kifuani kama zamani.

Rafiki yako muite mwisho kabisa, baada ya daftari na baada ya video, na nyote wawili mkiwa mmetulia. Usianze na kaka wala na wimbo. Muulize yeye alisimama wapi usiku ule, na kama alikuwa mbele kwenye msukumano pamoja nawe au alibaki nyuma karibu na ukuta. Kama alibaki nyuma, hakuweza kuona ni mkono wa nani ulioingia kukutoa.